Mgema na Mnazi Mzee

Mjomba wangu ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Kwa miaka yote niliyomfahamu amekuwa na hukumu moja isiyokatiwa rufaa: "Wale Simba Wanyika wangeacha mapema." Akishasema hivyo hukata uzi kwa meno, na kesi imefungwa.

Zamani nilikuwa nikicheka. Siku hizi sicheki, na katika kurasa hizi nataka kueleza kwa nini.

Nianze na historia kidogo, kwa faida ya msomaji ambaye hakulelewa na redio. Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walianza muziki hapa hapa Tanga katika Jamhuri Jazz Band, mwaka 1966. Zilikuwa zama za mkonge. Mji ulikuwa na bendi zake, Jamhuri na Atomic Jazz, na kila moja ilikuwa na watu wake. Mwaka 1970 ndugu hao wakahamia Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao mwingine, William. Mwaka 1971 wakavuka mpaka wakaingia Kenya, na huko ndiko ilikozaliwa Simba Wanyika. Msemo wetu ni "Tanga, waja leo waondoka leo". Safari ile walioondoka walikuwa wetu.

Mwaka 1978 bendi ikameguka. Omar Shabani aliyekuwa akipiga gitaa la rithimu, Tom Malanga wa besi, na Rashid Juma wa ngoma wakajitoa na wenzao, wakaunda Les Wanyika. John Ngereza akajiunga nao, wakatoa "Sina Makosa", kibao ambacho mpaka leo hakikosi katika harusi wala katika basi la usiku. Baadaye Issa Juma naye akawa na Super Wanyika yake. Wilson na George wakabaki na jina la mwanzo, wakaendelea. Mwaka 1992 ikatoka Ulaya albamu yao ya Pepea, ambamo walizirudia nyimbo zao za zamani kwa mitambo mipya. Mwaka huo huo George akafariki dunia. Wilson akamfuata mwaka 1995, na Simba Wanyika ikawa historia.

Sasa kesi yenyewe. Mjomba anadai kwamba Pepea iliharibu. Anazo santuri za zamani, zile ndogo, ambazo wimbo ulikatwa vipande viwili: unasikiliza upande wa kwanza, unanyanyua sindano, unageuza, halafu ndipo magitaa yanapochangamka. "Ile Pepea haina kugeuza," anasema. "Wimbo unapita moja kwa moja kama lori la mkonge. Sisi tulikuwa tunangoja, bwana! Umemshika mtu mkono katikati ya ukumbi wa nyumba, kimya, mwenzio anageuza santuri. Kile kimya ndicho kilichooza watu."

Mimi nilizaliwa baada ya Wilson kufariki. Nilipoufahamu wimbo ule (sitautaja, maana nikiutaja tutabishania wimbo tuache hoja) niliufahamu katika sauti ya Pepea, kwenye kanda iliyorudufiwa kutoka kanda nyingine. Kwangu mimi huo ndio ulikuwa wimbo. Mama alikuwa akiuweka Jumapili akifua. Kwa hiyo kila mjomba aliposema kwamba akina Kinyonga waliuharibu, nilihisi ananiambia kwamba hata Jumapili zangu ni za bandia.

Hapo ndipo swali linapoanza kuwa gumu. Je, kazi ya mwisho ya msanii inaweza kuiharibu kazi yake ya mwanzo?

Kwa mtazamo wa haraka, haiwezi. Santuri ya miaka ya 1970 ilishapigwa. Hakuna kitu alichofanya Wilson mwaka 1992 ambacho kingeweza kurudi nyuma na kulegeza hata uzi mmoja wa gitaa. Lakini hoja hii ni nyepesi mno, na mwenye akili hairidhiki nayo. Wagiriki wa kale waliliona tatizo hili. Aristotle alijiuliza kama mtu anaweza kuitwa mwenye heri kabla hajafa, kwa kuwa mwisho mbaya unaweza kuyapaka matope maisha yote. Sisi wenyewe tunafanya hivyo kila siku. Mwalimu aliyefundisha vizuri miaka thelathini akafukuzwa kwa ulevi, tunamkumbuka kwa kipi? Jina la mtu ni kama kanzu nyeupe: doa la jioni halingoji ruhusa ya asubuhi.

Ndiyo maana mara nyingi tunawapenda zaidi waliowahi kuondoka. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979, akiwa hajafikisha miaka arobaini. Msikilize mtu yeyote akimtaja Mbaraka: hakuna "lakini". Hatuna Mbaraka mzee, aliyekongoroka, anayerudia nyimbo zake kwa kinanda cha umeme. Kifo kilimfungia mlango kabla hatujaanza kulalamika. Lakini jamani, tujiulize: huu ni upendo gani unaokaribia kushukuru ajali?

Na tukiigeuza upande wa pili, Bi Kidude wa Unguja angekuwaje kama angesikia ushauri wa "acha mapema"? Dunia ilimjua vizuri alipokuwa bibi. Tuzo ya WOMEX aliipata mwaka 2005, na alikuwa akiendelea kupanda jukwaani miaka ya mwisho kabla hajafariki mwezi Aprili 2013. Kwake yeye, jioni ndiyo iliyotufanya tuulize habari za asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo mjomba hapendi nimkumbushe. Hukumu ya "wamekwisha" haikuanza mwaka 1992. Mwaka 1978, waliposhuka wapiga rithimu, besi na ngoma kwa mkupuo, nani asingesema kwamba Simba amebaki ngozi? Jahazi lililong'olewa mbao zote isipokuwa mkuku, ni lile lile? Na bado baada ya hapo, katika miaka ya 1980, ndipo zilipokuja "Shilingi Yaua" na "Haleluya". Mjomba anazo zote mbili. Anazipenda! Kama wangemsikiliza mshabiki wa mwaka 1978, mshabiki wa leo asingekuwa nazo. Kila kizazi cha washabiki kinataka bendi ife siku moja baada ya ujana wake.

Niliona nimeshinda. Mwaka jana nikaipata ile rekodi ya zamani ya wimbo wangu kwenye simu. Mwenye santuri mmoja, Mungu ambariki, ameirekodi na kuiweka hadharani, mikwaruzo na yote. Gramafoni ya mjomba ilikufa zamani, hivyo alikuwa hajaisikia kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikaenda barazani kwake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona unacheka peke yako?"

Nikaiweka simu juu ya meza ya cherehani, nikabonyeza. Akaacha kukanyaga. Akasikiliza mpaka mwisho, macho kwenye barabara. Kisha akatikisa kichwa.

"Si huu," akasema. "Ule ulikuwa mzuri zaidi."

Msomaji wangu, nilitaka kucheka nikashindwa. Ule ule! Sauti ile ile, santuri ile ile anayoitetea dhidi ya Pepea tangu sijazaliwa. Nayo pia haikufikia. Kumbe Pepea haikuwa imeshindwa na rekodi ya zamani. Zote mbili zilikuwa zimeshindwa na chumba kimoja, na kimya kimoja, na mkono wa mtu ambaye mjomba hajawahi kunitajia jina lake.

Ningeweza kuishia hapo, nikatoa funzo kwamba washabiki wazee wanatetea ujana wao na wala si muziki. Lingekuwa funzo zuri, na lingekuwa la uongo nusu, kwa sababu na mimi nina kesi yangu.

Mjomba macho yake yamepungua. Zamani suruali yake ilijulikana mji mzima. Watu walitoka Muheza na Pangani kuja kupimwa. Sasa anatia uzi katika tundu la sindano kwa kubahatisha, na pindo linakwenda kama njia ya ng'ombe. Sisi vijana wa ukoo tulikaa tukasema: mzee apumzike, alinde jina lake. Tulisema kwa heshima sana. Yeye akajibu kwamba jina haliliwi, akaendelea kukanyaga cherehani.

Sikukuu ya Idi iliyofuata nilitaka kanzu mpya. Nikampelekea kitambaa fundi mwingine, kijana, mtaa wa pili. Nikajiambia kwamba ninamsitiri mjomba, nisije nikaonekana msikitini na kazi yake mbovu, watu wakamcheka. Asubuhi ya Idi nikaenda kumpa mkono. Akaushika ukosi wa kanzu, akaupitisha kati ya vidole viwili, polepole, namna mafundi wanavyosoma kitambaa.

"Fundi huyu anajua kazi," akasema. Basi. Akanikaribisha kahawa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuangalia upya ule ushauri wa "wangeacha mapema". Tunautoa kana kwamba tunamlinda msanii. Lakini aliyelindwa ni nani? Mimi nililinda kanzu yangu. Mshabiki analinda kumbukumbu yake. Kila mmoja wetu amemwambia mtu aache kazi yake ili sisi tubaki na picha safi, na hakuna aliyeuliza mtu huyo atakula nini kesho, au atafanya nini na mikono yake asubuhi.

Je, nasema basi kila kazi ya mwisho isifiwe? Hapana. Wahenga wana methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hilo ni kosa la kweli, na wapo wanamuziki wenye kosa hilo. Wanajua jina linauza, hawafanyi mazoezi, wanapanda jukwaani kudanganya watu waliotoa fedha zao. Huyo tumseme, na asijitetee kwa umri. Lakini methali haikusema neno juu ya mnazi mzee. Mnazi mzee hutoa tembo kidogo, pengine jepesi, lakini halina maji. Kosa letu washabiki ni kwamba tunaonja, tunakuta si kali kama la zamani, na hapo hapo tunapiga kelele kwamba tumeibiwa. Kulionja tembo na kusema "hili si kali" ni haki ya mnywaji. Kumwambia mgema aukate mnazi ni jambo jingine kabisa.

Mimi nikiisikiliza Pepea, na nimeisikiliza sana, sisikii maji. Nasikia watu waliopiga pamoja miaka ishirini, hawana haraka.

Kuna malalamiko moja ya mjomba ambayo nayakubali, nayo ndiyo yanayotuhusu zaidi sisi vijana. Kwa miaka mingi ile kazi ya mwisho ndiyo iliyopatikana kwa urahisi, na zile za mwanzo zikabaki katika makabati ya watu, zinapinda kwa joto, zinatupwa nyumba inapohamwa. Hapo kweli kazi mpya iliifunika ya zamani. Lakini lile halikuwa kosa la Wilson wala George. Wao kazi yao ilikuwa kupiga. Kutunza ilikuwa kazi yetu, na sisi tuliacha panya watunze. Yule aliyeiweka santuri yake kwenye simu, mikwaruzo na yote, amefanya zaidi kwa jina la Simba Wanyika kuliko wote tuliokaa barazani tukihukumu.

Mwezi uliopita nilimpelekea mjomba kitambaa cha suruali. Alinipima mara mbili, akaandika vipimo kwa chaki juu ya meza kama zamani. Mguu wa kushoto umezidi wa kulia kwa unene wa kidole. Nilimwambia. Akaiangalia kwa mbali, akaiangalia kwa karibu, akasema, "Kweli. Ilete Alhamisi." Alhamisi akapunguza, na sasa wa kulia ndio umezidi.

Ninaivaa. Kama ninaivaa kwa sababu ni suruali, au kwa sababu ya kanzu ile ya Idi, sijaweza kujijibu. Mwenye jibu aniandikie.