Pumziko la Nani?

Baada ya sala ya alasiri, vichochoro vya Mji Mkongwe hubadilika sauti. Maduka yangali wazi, lakini barazani, kwenye viti vya mawe vilivyoshikana na kuta za nyumba, bao limekwisha tandikwa, dhumna zinagongwa, na muuza kahawa anapita na dele lake akigonganisha vikombe. Mgeni huuliza: watu hawa hawana kazi? Mwenyeji hutabasamu, kwani anajua kwamba barazani ndipo msiba unapotangazwa, posa inaposhauriwa, na shairi la jana linapopimwa mizani.

Hata hivyo, wahenga hawakumpendelea anayeketi. "Kazi mbaya si mchezo mwema," walisema, na tena, "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu." Sisi tuliolelewa kwa maneno hayo aghalabu hupumzika kwa kuona haya, mithili ya mtu aibaye wakati wake mwenyewe. Je, kupumzika ni uvivu? Ingekuwa hivyo, taarabu yetu ingekuwa maskini: klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, ni tunda la watu waliozithamini saa zao za jioni.

Bahari nayo ina jibu lake. Huko Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani kilishika mizizi mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima walio wengi ni wanawake. Wakati wa bamvua maji hutoka mbali, nao huingia mashambani kufunga mbegu na kuvuna. Yakifika maji mafu, bahari haitoki vya kutosha, na kazi ya shambani husimama. Mwezi umekwisha kupanga siku za kuinama na siku za kunyoosha mgongo, wala hatujasikia mtu akiilaumu bahari kwa uvivu.

Lakini hapo ndipo lilipo swali zito. Mwanamke huyo arudipo kutoka pwani, mgongo haunyooki: kuna maji ya kuteka, kuni, chungu na mtoto. Na sisi tunaoshinda barazani, chakula kinachotungoja kinapikwa na nani? Pumziko linaloegemea uchovu wa mwingine ni deni. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara yake ya 24, linampa kila mtu haki ya kupumzika. Halikusema kila mwanamume.

Sisemi baraza zivunjwe. Nasema neema yake igawanywe. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Matembezi kutoka Malindi, kupitia Forodhani hadi Shangani, kwa hatua zenye uhai kidogo na upepo wa bahari usoni, yanatosha kuanzia. Hayataki fedha wala viatu vya thamani. Yanachotaka ni mtu wa kubaki na mtoto. Basi jioni moja mume na abaki, mke atoke. Kesho zamu igeuke.

Ewe msomaji, leo kabla hujaketi barazani, tazama kwanza ndani ya mlango wako: ni nani ambaye bado amesimama?