Soli za Mbao

Mwaka 1913 fundi viatu Heinrich Deichmann alifungua duka mjini Essen, Ujerumani, mtaani kwa wachimba makaa ya mawe. Alipofariki 1940, mjane wake Julie akaliendesha. Baada ya vita ngozi ilikuwa adimu; mwana wao Heinz-Horst akauza viatu vya soli za mbao na mikanda ya miavuli ya askari, na wazazi wakaja dukani kubadilishana viatu vilivyowabana watoto. Kijana huyo baadaye akawa daktari wa mifupa, kisha akaacha hospitali kwa ajili ya duka! Mimi nisingethubutu. Bei ikabaki ya mtu wa kipato kidogo, matawi yakaenea nchi nyingi za Ulaya. Mwaka 1999 usukani ulikabidhiwa mjukuu, naye anaitwa Heinrich.