Mwacheni Nyanya Aketi

Familia ikitoka Kerugoya kwa likizo ya Desemba, ratiba huwa imejaa kabla hata ya kufika Karatina: leo Aberdare, kesho faru wa Ol Pejeta, keshokutwa mstari wa ikweta pale Nanyuki. Watoto huona vumbi zaidi kuliko nyati. Mimi nawaombea siku moja ya kukaa tu.

Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti karibu na Nyeri mwaka 1932, ilitokana na wazo hilohilo: mgeni atulie barazani, tembo na nyati waje wenyewe kunywa maji na kulamba chumvi. Binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala hapo Februari 1952, usiku ambao baba yake alifariki naye akawa malkia. Hakukimbizana na mnyama yeyote.

Tena saa sita mchana simba amelala kivulini, mnamfuata wapi? Tokeni alfajiri, wakati Mlima Kenya nao haujafunikwa na mawingu, kisha rudini kwa chai. Nyanya aliyechuma kahawa tangu Oktoba ana haki ya kuketi kwenye nyasi na wajukuu wake bila kuambiwa kwamba gari linaondoka.