Jicho huanza kabla ya kamera

Mtoto wa mji wa Kasongo anayejua kasuku hulala mti gani tayari anayo nusu ya kazi ya mpiga picha za wanyamapori. Kamera hununuliwa, hata huazimwa; kuujua msitu hakuuzwi dukani. Huko Kabambare, kwenye matope ya mto Luama, alama ya kwato ambayo maji yake bado yamechafuka humwambia mtoto kwamba nguruwe mwitu amepita sasa hivi, na hapo hunyamaza, hutazama upepo unavuma wapi, husubiri. Wawindaji wa misitu ya Lomami walimjua kima aitwaye lesula kwa jina lake muda mrefu kabla wanasayansi hawajamtangaza mwaka 2012, na picha ya uso wake, wenye macho kama ya mtu, ndiyo iliyomtembeza duniani. Inaniuma kuona wanaojua mengi kiasi hicho wakiishia kuwabebea wageni mizigo. Mzazi mwenye simu ya kamera, mwachie mwanao aende nayo mtoni Jumamosi, kisha akirudi mkae mtazame picha moja moja, akueleze kila mnyama alimpataje.