Mkubwa na Mdogo Katika Kundi Moja

Je, ni haki kuwatoza sawasawa watu wasio sawa? Neno hili latusumbua sisi tuongozao vijana hapa Ruangwa. Sera ya Taifa ya mwaka 2007 yamwita kijana mtu wa miaka 15 hata 35. Basi katika benchi moja huketi mwanafunzi na mama mwenye watoto wawili. Jando na unyago vya Wamwera viliweka mpaka. Sisi hatuna mpaka ila kitabu cha majina.

Majira ya kuuza ufuta wakubwa walikata shauri la mchango mmoja kwa wote. Hakuna mdogo aliyepinga, maana nani atambishia kaka yake mbele ya watu? Jumapili ya pili hawakuonekana. Tukawadhania wavivu, kumbe waliona haya kuja mikono mitupu. Kosa lilikuwa letu: kimya cha adabu tulikihesabu kuwa kukubali.

Tangu hapo wadogo husema kwanza, na kila mtu hutoa kadiri awezavyo. Wakubwa wengine wanung'unika, wala si bure: wadogo wakiwapo daima, mambo ya ndoa yatasemwa lini? Siku hiyo twawatenga, wadogo wakaimbe nje chini ya mkorosho. Wakati wa sala twakutana tena.