Nafasi Ukingoni mwa Sakafu



Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 6, twasoma jinsi mfalme Sulemani alivyoijenga nyumba ya Bwana kwa miaka saba. Aya ya 15 yatuarifu kwamba sakafu yake aliifunika kwa mbao. Wengi wetu tumezoea kuitazama dhahabu ya nyumba ile, tukaisahau sakafu. Leo na tutazame chini.

Huku kwetu Muheza, karibu na msitu wa mitiki wa Longuza, mafundi wanazijua mbao. Mpe fundi hodari kazi ya sakafu, naye hataanza na msumari. Kwanza atataka saruji ya chini iwe imekauka kabisa. Atatandika kipande cha nailoni juu yake, akibane kingo zote, na kesho yake akifunue. Akikuta matone ya maji, kazi inangoja. Pili, mbao zilizokwisha kukaushwa ataziingiza katika chumba kile kile zitakamowekwa, azipange kwa vijiti katikati ili hewa ipite, kisha aziache siku nyingi. Mwenye nyumba asiyejua hunung'unika kwamba fundi ni mvivu. Kumbe fundi anazipa mbao muda wa kuizoea nyumba.

Tatu, anapozipigilia hazifikishi ukutani. Huacha nafasi ya kama nusu inchi pande zote, akaifunika kwa ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani, si sakafuni. Kwa nini? Kwa sababu ubao, hata ukisha kukatwa, hunywa unyevu wa masika ukatanuka upana wake, na wakati wa kiangazi husinyaa. Ukinyimwa nafasi hauwezi kuusukuma ukuta, basi hujiinua katikati ya chumba na kung'oa misumari. Wazee walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na sakafu yenyewe huharibikia huko huko ukingoni.

Sasa tuzitazame nyumba zetu. Anaingia bibi arusi, na siku ya tatu twataka apike kama tupikavyo na acheke tunapocheka. Analetwa yatima wa ndugu yetu, na wiki haijaisha twamwita mkaidi kwa kuwa hulia usiku. Baba mzee anatoka shamba kuja kukaa kwa mwanawe, nasi twampangia hata saa ya kusema. Tumewabana hadi ukutani. Siku wanapojiinua, twalalamika juu ya tabia zao, wala hatuulizi ni nani aliyewabana.

Torati haikufanya hivyo. Kumbukumbu la Torati 24:5 yaagiza kwamba mtu aliyeoa karibuni asipelekwe vitani wala asitwikwe kazi nyingine, bali akae nyumbani mwaka mzima amfurahishe mkewe. Mungu alijua kwamba watu wawili hawazoeani kwa siku tatu.

Naye Abramu, katika Mwanzo 13, alipoona wachungaji wake na wa Lutu wanagombana, hakudai haki ya mkubwa. Alimwachia mpwa wake achague kwanza upande aupendao. Je, nafasi ile iliua upendo? Hasha! Sura inayofuata yasimulia kwamba Lutu alipotekwa, Abramu aliondoka na watu wake 318 kwenda kumwokoa. Nafasi si utengano.

Hatusemi nyumba isiwe na amri. Sakafu isiyo na misumari si sakafu. Sisi tuliozeekea katika vyuo vya ualimu tulishika kengele na kanuni, na hatuzijutii. Lakini tuliona pia kwamba mwanafunzi mgeni aliyevumiliwa muhula mmoja mara nyingi ndiye aliyesimama imara baadaye.

Basi wiki hii kila mmoja wetu amtazame yule aliyeingia nyumbani mwake mwisho: mkwe, mtoto wa kulea, mzee, au msichana wa kazi. Tujiulize: tumempa muda gani, na nafasi gani? Tukimkuta amebanwa, tusogee sisi, maana yeye hana pa kusogea.

Mungu aliyetuvumilia sisi tulipokuwa wageni nyumbani mwake atupe moyo wa kuvumiliana. Amina.