Upepo wa Mlimani na Roho

Hapa Akheri usiku hauhitaji dira. Jua likishazama na mbingu zikiwa safi, simama shambani kati ya migomba utulie kidogo. Majani makavu yataanza kucheza, na ubaridi utakujia kutoka juu, upande wa Mlima Meru, ukielekea chini Tengeru. Mchana mambo hugeuka: hewa hupanda, na ikifika alasiri mara nyingi kilele kimekwisha kujifunika mawingu. Nimefundisha jiografia miaka mingi, na ni mzee wa kanisa la Kilutheri. Kazi hizo mbili hazikuwahi kugombana kichwani mwangu mpaka mwinjilisti mmoja kijana aliposimama kwenye mkesha wa nje, mnamo saa tano usiku. Turubai lilianza kupigapiga, naye akapaza sauti kwamba Roho Mtakatifu anashuka kutoka mlimani, tupokee. Watu wakalia. Mimi nikafunga vifungo vya koti.

Kesho yake nilimwendea.

“Shikamoo, mwalimu. Nasikia unataka kumpima Mungu kwa kipimajoto.”

“Marahaba, mwanangu. Naogopa aliyempima ni wewe.”

Kinachotokea kinaeleweka. Usiku ardhi hupoteza joto lake angani. Hewa inayoigusa ardhi ya mteremko hupoa pamoja nayo, wakati hewa ya kimo kilekile iliyo mbali, juu ya uwanda, bado ina joto. Iliyopoa ni nzito zaidi, na kwa kuwa imelala mteremkoni, haiwezi kukaa: inateleza, inafuata makorongo, inajikusanya mabondeni. Mjerumani Ludwig Prandtl aliichapishia hesabu mwaka 1942, inayoonyesha kwamba upepo huu haukimbii sana pale unapogusa ardhi wala kule juu, bali kimo kidogo tu kutoka chini. Mawingu yakitanda, hurudisha joto kwenye ardhi, mteremko haupoi vya kutosha, na upepo hudhoofika. Ndipo nilipomuuliza kijana: Je, mawingu ya masika humzuia Roho?

Na kama ubaridi ushukao ndiye Roho, tusemeje kuhusu Ziwa Victoria? Kule usiku hewa ya nchi kavu na ya nyanda za juu za mashariki na magharibi hushukia ziwani, ikakutana juu ya maji yenye uvuguvugu, ikapanda, ikazaa dhoruba zinazoua wavuvi. Tusemeje hata hapa kwetu? Oktoba 1896, usiku, wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapahapa Akheri, na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao wakafa pamoja nao. Kisha Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani akaja na askari kutoka Moshi kulipiza kisasi, nyumba zikachomwa, mifugo ikatekwa. Mteremko ni uleule. Haukuwa upande wa mikuki, haukuwa upande wa bunduki.

Mjukuu wangu, anayesoma fizikia, alifurahi mno kusikia hoja hizi. “Kwa hiyo babu, hakuna kitu pale. Hewa baridi tu.” Naye nikamkatalia. Ukinieleza jinsi shaba inavyotetemeka mpaka kengele ikalia, hujanieleza kwa nini wanaoisikia wanaacha majembe na kwenda kanisani.

Nikodemo alimwendea Yesu usiku, katika nchi ya vilima, wakazungumzia upepo. Wahubiri wengi huyasoma mazungumzo yale kana kwamba sifa ya upepo ni kutojulikana utokako. Hapo wanajitega wenyewe, kwa sababu kila kitabu kipya cha sayansi kitampunguzia Mungu nafasi. Mimi nasoma hivi: upepo hauna bwana kati yetu. Hata baada ya Prandtl siwezi kuuamuru uje saa tano, wala kuukataza usipite kwenye miche yangu ya kahawa. Tena ingawa chanzo chake nakijua, hauji kwa mpangilio. Unavuma, unakatika, unarudi, na wataalamu wenyewe wanakiri kwamba hewa tulivu ya usiku karibu na ardhi ni ngumu sana kutabiri. Sitamficha Mungu kwenye ugumu huo. Pengine kesho mtu ataukokotoa. Upepo una kanuni zake, na bado ni huru, maana hautusikilizi sisi. Roho naye namwamini hivyo, na anayempangia saa ya kushuka amefanya kosa kubwa kuliko anayemkana.

Ombi langu kwa wachungaji na wainjilisti wa mteremko huu: acheni kumtangaza Roho kila turubai linapotikisika. Tazameni kama waliogombea mpaka wa kihamba wamepatana, kama mjane amerudishiwa migomba yake. Hayo yanawezekana hata Aprili, mawingu yakiwa yametanda usiku kucha. Na wanaoleta watoto kwenye mkesha wawavalishe masweta.